Kumpata mteja anayefaa na kumkataa asiyefaa mapema: mwongozo kwa mtengeneza tovuti wa kujitegemea

Wateja wasumbufu huingia zaidi katika mwezi mkavu. Kazi zimekata, bili zinakaribia, na mtu wa kwanza kuuliza "tovuti mnafanya bei gani?" anaonekana kama mkombozi. Wiki sita baadaye bado anabadilisha rangi za ukurasa wa mwanzo, na salio hajalipa. Kutafuta wateja na kuwachuja ni kazi moja. Asiye na wengine wanaosubiri hana ubavu wa kukataa, na asiyejua bei yake ya chini hajui hata akatae nini. Ndiyo maana tunaanza na hesabu, kisha ndipo twende sokoni.

1. Jua bei yako ya chini

Mwaka una siku 365. Toa siku 104 za mwisho wa juma, siku 25 za likizo na sikukuu, na siku 10 za ugonjwa na dharura. Zinabaki siku 226, ambazo kwa saa 8 kila siku ni saa 1,808. Hizo si saa za kulipwa. Kutafuta kazi, kuandika makadirio, kujibu barua pepe, kufuatilia ankara na kujifunza vitu vipya hula karibu nusu ya muda wa anayeanza. Chukua asilimia 55 na utapata saa 994; tuseme 1,000.

Sasa jumlisha mahitaji yako ya mwaka mzima: maisha ya nyumbani, kodi ya mapato, bima, kompyuta na programu, intaneti, na akiba ya angalau miezi mitatu isiyo na kazi. Gawanya kwa 1,000. Mtu anayehitaji 30,000 kwa fedha yoyote ile anapaswa kutoza 30 kwa saa. Akigawanya kwa 1,808, kama wengi wanavyofanya, atatoza 16.6 na kushangaa kwa nini anashinda kazini na bado hazimtoshi.

Weka pia ukubwa wa chini wa kazi. Hata tovuti ya kurasa nne ina mazungumzo, mkataba, kuandaa seva ya majaribio, kuhamisha kikoa (anwani ya tovuti), na kumfundisha mwenye tovuti. Mambo hayo peke yake hufika saa 10 hadi 15, na mteja hayaoni. Kwa hiyo kazi ya chini ya saa 20 kutoka kwa mtu mgeni iwe na bei maalumu iliyopangwa tayari, au isichukuliwe.

2. Amua unamtafuta nani

Wengi hujitambulisha kwa zana: "natengeneza kwa WordPress", "natumia React". Mwenye biashara hatafuti React. Anataka simu za wateja ziongezeke, au anataka kuacha kuandika oda kwenye daftari. Chagua aina moja au mbili za biashara ambazo tovuti yake inagusa mapato moja kwa moja: sehemu zinazopokea miadi, wanaouza bidhaa mtandaoni, shule zinazosajili wanafunzi, kampuni za huduma ambapo mteja mmoja mpya analeta fedha nyingi. Kliniki ambayo mgonjwa mmoja mpya anafidia sehemu kubwa ya gharama ya tovuti haitakuuliza kwa nini umetoza saa 60. Mwenye wazo la programu ambalo halijaingiza hata senti atakuuliza, tena kila wiki.

Kuna alama tatu za kutazama kabla hata hujaandika jina lake kwenye orodha. Biashara iwe hai kwa miaka miwili au zaidi. Fedha zake zipitie, au zingeweza kupitia, kwenye tovuti. Na awepo mtu mmoja mwenye dhamana ya tovuti hiyo. Wanaokuahidi hisa badala ya malipo, waache; hisa za kampuni isiyo na mauzo ni ahadi tu.

3. Mahali pa kutafuta, kwa mpangilio wa uzito

*Watu wanaokujua.* Andika majina 30: mliofanya kazi pamoja, mabosi wa zamani, mliosoma nao, wasambazaji, wateja waliowahi kuridhika. Usiwaombe kazi. Waeleze kwa sentensi moja unamfanyia nani na nini, halafu uliza kama wanamfahamu mtu mwenye shida hiyo. Ombi la kukutambulisha kwa mtu ni jepesi kulibeba kuliko ombi la kukupa kazi, na anayekuja kwa kutambulishwa huwa ameshakuamini nusu.

*Wanaokutana na tovuti mbovu kila siku lakini hawaandiki msimbo.* Wabunifu wa michoro, waandishi wa matangazo, wataalamu wa kupandisha tovuti kwenye matokeo ya utafutaji, wapiga picha wa biashara, kampuni ndogo za matangazo. Kampuni moja ya namna hiyo inaweza kukupa kazi kadhaa kwa mwaka bila wewe kuuza chochote. Bei yao iko chini kidogo, na ni haki, kwa kuwa wao ndio waliotafuta mteja. Hatari yao ni sentensi moja: "tutakulipa mteja akitulipa." Mkataba useme wazi kwamba malipo yako hayategemei malipo ya mteja wao.

*Kubisha hodi mwenyewe.* Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kutuma barua pepe 200 zinazofanana. Chagua biashara 10 kwa wiki na zikague kwa dakika 20 kila moja.

Fungua tovuti kwa simu, si kwa kompyuta. Pitia njia ambayo mnunuzi angepita hadi mwisho. Kisha iweke kwenye PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi ya tovuti. Viwango vya Google ni hivi: kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5 (LCP), ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200 (INP), na kuhamahama kwa vitu kusizidi 0.1 (CLS). Tofautisha takwimu za watumiaji halisi, ambazo hukusanywa kwa siku 28, na zile za jaribio la maabara. Tovuti ndogo nyingi hazina zile za kwanza kwa kuwa wageni wao ni wachache, na kumtisha mtu kwa alama ya maabara pekee si haki.

Kasoro yenye thamani kuliko zote mara nyingi haionekani: fomu ya mawasiliano isiyofikisha ujumbe. Tovuti nyingi za WordPress hutuma barua moja kwa moja kutoka kwenye seva bila uthibitisho, na kikoa hakina rekodi sahihi za SPF wala DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye kikoa. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti ya kuthibitisha mtumaji, kwa hiyo barua hizo huishia kwenye taka au hukataliwa kabisa. Mwenye biashara anadhani hakuna anayeuliza. Njia ya kujua ni rahisi na ya uaminifu: mwandikie ujumbe wako halisi kupitia fomu yake. Zikipita siku tatu za kazi bila jibu, piga simu umwambie kwamba uliandika. Simu hiyo ina uzito kuliko barua yoyote ya kujinadi.

Mpaka wake: usichokonoe usalama wa tovuti ya mtu bila ruhusa. Kupekua matundu ya seva usiyokabidhiwa ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na barua inayosema "nimegundua udhaifu kwenye tovuti yako, nilipe niurekebishe" inasomeka kama vitisho.

Barua yenyewe iwe fupi:

> Habari. Nilijaribu kuweka miadi kwenye tovuti yenu kwa simu. Kitufe cha "Thibitisha" kinafunikwa na tangazo la vidakuzi, hivyo hakibonyezeki. Nimeambatisha picha. Aliyewatengenezea tovuti anaweza kulirekebisha ndani ya saa moja. Kama hamna mtu wa kuitunza kwa sasa, ndiyo kazi yangu, na tunaweza kuzungumza kwa dakika 15 wiki hii.

Ina kasoro moja, ushahidi mmoja, na mlango wa kutokea. Usiorodheshe makosa 14. Mtu hujitetea akishambuliwa. Asipojibu, mwandikie tena baada ya siku 4 za kazi, kisha mara ya mwisho baada ya siku 10. Baada ya hapo mwache.

*Majukwaa ya kazi mtandaoni.* Upwork, Fiverr na mengine yana kazi nyingi na vurugu nyingi. Fiverr hukata asilimia 20 ya malipo ya muuzaji, hivyo ili ubaki na 30 unatakiwa kutoza 37.5. Kwenye Upwork, soma wasifu wa mteja kabla ya tangazo lake: je, njia yake ya malipo imethibitishwa? Ametumia kiasi gani hadi sasa? Katika kazi alizotangaza, ameajiri ngapi? Aliyetangaza kazi 40 na kuajiri mara 3 anakusanya bei tu. Halafu soma maoni ambayo *yeye* aliwaandikia wengine. Anayemlaumu kila aliyefanya naye kazi hatakusifu wewe. Katika ombi lako, mistari miwili ya kwanza ndiyo inayoonekana kabla ya mteja kubonyeza, kwa hiyo isipotee kwa salamu na miaka ya uzoefu. Anza na kazi yake.

4. Mazungumzo ya kwanza: dakika 30, wewe ndiye unayeuliza

Usiende na slaidi. Nenda na maswali haya, na usikilize zaidi kile kisichosemwa.

"Kwa nini sasa?" Jibu zuri lina tukio ndani yake: wanafungua tawi, mfumo wa zamani unafungwa, malalamiko yamezidi. "Tumeona tu tuwe na tovuti ya kisasa" maana yake hakuna haraka, na kazi isiyo na haraka haina bajeti.

"Baada ya miezi sita, utajuaje kwamba fedha hizi hazikupotea?" Asiyeweza kutaja hata kipimo kimoja atapima kwa macho, na macho hubadilika kila siku.

"Nani ataidhinisha kazi, na nani atalipa?" Kama unayezungumza naye si yeyote kati ya hao, omba mkutano unaofuata awepo mwenye uamuzi. Bila hivyo utaandaa makadirio yatakayosomwa na mtu ambaye hukuwahi kumsikia akieleza shida yake.

"Maandishi na picha ziko tayari?" Hili ndilo linalochelewesha tovuti kuliko msimbo wowote. "Tutaandika wenyewe" bila jina la mwandishi wala tarehe ni kusema kwamba hayataandikwa.

"Aliyewafanyia kazi mwanzo, ilikuwaje?" Kila mtu anaweza kumpata fundi mbaya mmoja. Akiwa na mafundi wabaya watatu mfululizo, kinachofanana katika hadithi zote ni yeye.

Kisha fedha. Usisubiri siku ya makadirio. Sema: "Kazi za namna hii kwangu huwa kati ya A na B, kutegemea idadi ya kurasa na malipo ya mtandaoni. Ipo ndani ya mlichopanga?" Nyamaza baada ya kuuliza. Wengi hujiharibia hapa kwa kuujaza ukimya na punguzo ambalo hakuna aliyeliomba.

5. Mchunguze kama anavyokuchunguza

Nusu saa inatosha. Tazama kama kampuni imesajiliwa pale anapodai ipo. Angalia umri wa kikoa kupitia RDAP, mfumo wa kuulizia taarifa za usajili wa kikoa ulioshika nafasi ya WHOIS kwa vikoa vya jumla (kama .com) mwaka 2025; kikoa cha wiki mbili kwa kampuni inayojiita ya miaka kumi kinahitaji maelezo. Uliza kikoa kiko kwenye akaunti ya nani na nani ana nywila za hosti. Kama vyote viko mikononi mwa mtu waliyegombana naye, kazi yako ya kwanza itakuwa usuluhishi, na hiyo nayo ina bei.

Halafu fungua Wayback Machine, hifadhi ya nakala za zamani za tovuti, utazame tovuti yao ilivyokuwa miaka ya nyuma. Ukikuta imeundwa upya mara tatu ndani ya miaka mitatu, kila mara kwa sura tofauti kabisa, ujue tatizo halikuwa sura.

Wapo pia wasio wateja hata kidogo. Mitego miwili inajirudia sana kwa watu wa fani hii. Wa kwanza ni wa malipo yaliyozidi: anakubali bei bila swali, anatuma hundi au malipo ya kadi makubwa kuliko ankara, kisha anaomba ile ziada umtumie "mbunifu wake". Baadaye malipo ya awali yanarudishwa na benki, na ulichotuma kimeshakwenda. Wa pili ni wa "jaribio la msimbo": unapewa hazina ya msimbo wa mradi uiendeshe kwenye kompyuta yako. Amri ya `npm install`, inayopakua vifurushi vya JavaScript ambavyo mradi unavihitaji, inaweza kuendesha hati za amri zilizofichwa kwenye `preinstall` au `postinstall` na kuiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Soma kwanza `package.json`, faili linaloorodhesha vifurushi na hati hizo, tumia `npm install --ignore-scripts`, na kumbuka kwamba hiyo haikulindi na ubaya ulio ndani ya programu yenyewe pindi ukiiwasha. Msimbo wa mgeni uendeshwe ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza iliyotengwa ndani ya kompyuta yako) isiyo na akaunti zako.

6. Toa alama kabla moyo haujaamua

Baada ya mazungumzo, mpe alama 0 hadi 2 kwa kila kimoja: bajeti inafika bei yako, mwenye uamuzi ameonekana, tatizo lina kipimo, maandishi yana mwandishi na tarehe, anaheshimu muda na mawasiliano, kazi iko ndani ya ujuzi wako. Jumla ni 12. Kuanzia 9 endelea. Kati ya 6 na 8, endelea na kazi ndogo tu ya kulipwa. Chini ya 6 kataa. Sifuri kwenye bajeti au mwenye uamuzi inafuta alama nyingine zote, hata kama ni mcheshi na ofisi yake ni nzuri.

Usimpime kwa ukali wa maneno. Mteja mkali anayelipa kwa tarehe na kujibu kwa ukamilifu ni bora kuliko mpole anayetoweka wiki tatu.

Kazi ndogo ya kulipwa ni kichujio kizuri kuliko mazungumzo yoyote. Mpe ukaguzi wa tovuti yake wa saa 5 hadi 10: kasi, fomu, nakala rudufu, matoleo ya programu-jalizi, njia ya mnunuzi, na orodha ya marekebisho kwa kipaumbele. Ripoti ni yake hata akienda kwa fundi mwingine. Katika wiki hiyo utajua anajibu vipi, analipa vipi, na mfumo wake umeoza kiasi gani. Makadirio ya kazi kubwa yatakuwa ya kweli badala ya kubahatisha.

7. Mkataba unamaliza kuchuja

Anayekataa malipo ya awali amekusaidia, kwa sababu amejitoa mwenyewe. Kazi ya chini ya wiki tatu: nusu kabla ya kuanza, nusu kabla ya tovuti kwenda hewani. Kazi kubwa: asilimia 40, 30 na 30. Usifunge awamu ya mwisho kwenye "siku ya uzinduzi". Uzinduzi unategemea maandishi yake, kwa hiyo utakuwa umefunga mshahara wako kwenye uvivu wa mtu mwingine. Funga kwenye kile unachokabidhi wewe: tovuti kamili kwenye seva ya majaribio, kufikia tarehe fulani.

Taja idadi ya kurasa, vivinjari utakavyopima, na duru mbili za marekebisho, kila moja ikiletwa kwa orodha moja iliyoandikwa. Andika pia kile *kisichomo*: tafsiri, kuingiza bidhaa, matangazo, barua pepe za kampuni. Orodha hii ya pili huzuia ugomvi kuliko ya kwanza. Maandishi yakichelewa zaidi ya siku 14, mradi unasimama, kazi iliyokwisha inalipwa, na foleni inapangwa upya. Haki za msimbo zihamie kwake akimaliza kulipa. Kikoa na leseni za kulipia ziwe kwa jina lake tangu siku ya kwanza. Makosa yako yarekebishwe bure kwa siku 30. Mabadiliko ya mawazo yake yatozwe.

Kumkataa mtu hakuhitaji maelezo marefu:

> Asante kwa kunieleza mradi wenu. Kwa bajeti na muda mliotaja sitaweza kuufanya kwa ubora unaostahili, kwa hiyo naona ni haki niwaambie sasa. Kama mambo yatabadilika, karibuni tena.

Usimpeleke kwa mwenzako bila kumweleza mwenzako ulichokiona.

8. Waliopo nao wapimwe

Mara mbili kwa mwaka, chukua kila mteja, gawanya alicholipa kwa saa zote ulizomtumikia: simu, barua pepe, na ule usiku wa dharura. Karibu kila mara utamkuta mmoja anayelipa nusu ya bei yako ya chini, na si yule uliyemshuku. Mwandikie bei mpya, kwa notisi ya siku 60. Akikubali, tatizo limekwisha. Akiondoka, mkabidhi nywila zote, nakala rudufu na maelezo ya seva kwa utaratibu, maana anayefuata kuishika tovuti hiyo huenda ndiye atakayekuletea kazi.

Angalia na upande wa pili: mteja anayeleta zaidi ya theluthi moja ya mapato yako, hata akiwa mzuri namna gani, ameanza kuwa mwajiri asiye na bima wala likizo. Siku unapoona hesabu imefika hapo, rudi kwenye zile biashara 10 kwa wiki.